Nusu ya Pingili

Mwanamke aliyepima unga wa watu miaka kumi na miwili bila kumpunja hata mtoto aliyetumwa, ndiye huyo huyo aliyempunja binti yake wa kumzaa. Alimpunja karibu kila jioni, kwa wiki nane, na alimpunja kwa mapenzi. Msicheke, na msikimbilie kumhukumu. Kila mmoja wetu ana kopo lake amelificha mahali.

Pale kwenye mashine ya kusaga nafaka walimwita Mama Mizani, kwa sababu moja tu: mizani yake haikuwahi kusema uongo. Mwaka wa kwanza tajiri mwenye mashine alijaribu kumfundisha ile mbinu ya kugandamiza sinia kwa kidole gumba, naye akamjibu kwamba kidole chake kina kazi nyingine. Tajiri akanuna. Wateja waliposikia, wakahama mashine za jirani wakaja kwake, na tajiri akaacha kununa. Jambo la pili lililojulikana mtaa mzima ni kwamba mama huyu hatupi kitu. Vipande vya sabuni alivigandamiza vikawa mche mpya. Dawa ya meno ikiisha, aliipasua tyubu kwa mkasi na familia ikapiga mswaki siku tatu zaidi. Haba na haba hujaza kibaba, alisema kila mara, na mumewe, fundi rangi mwenye mdomo wake, alimjibu kwamba kibaba chao kina tundu.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa miaka kumi na mitano, na binti huyo alikuwa na soriasisi. Mabaka mekundu yenye magamba meupe yalimshika viwikoni, magotini, mgongo mzima, na kichwani mpaka kwenye ukingo wa nywele. Ugonjwa huu hauambukizi. Daktari alishasema, mwalimu alishasema, lakini macho ya watu hayaendi shule. Darasani walimbandika jina la Chokaa, na baba yake aliposikia, yeye aliyekwangua chokaa maisha yake yote, hakula siku ile. Sweta la shule lilikuwa la bluu iliyokoza, rangi mbaya kuliko zote kwa mtoto wa namna hiyo. Kila asubuhi binti akiwa anaoga, mama aliingia haraka na kijifagio, akafagia shuka magamba ya usiku. Kisha alimsimamisha mlangoni, akampangusa mabega kwa kiganja, na wote wawili wakajifanya ni vumbi.

Zamani binti alikuwa akitoka shule anapitia mashineni, anakaa juu ya magunia anafanya hesabu zake mpaka mama amalize zamu. Siku moja mteja mmoja akaivuta ndoo yake kando, akamtazama mtoto, akautazama unga, kisha akaenda kumnong'oneza tajiri. Tajiri alimwita Mama Mizani pembeni, akajikuna shingo. Alisema yeye binafsi hana neno, anajua hauambukizi, ila biashara ni macho. Mtoto asikae tena karibu na unga wa watu.

Mama alisema sawa. Ungekuwa wewe ungesemaje, na kazi ni hiyo moja? Alidhani mtoto hakusikia kwa kelele za mashine. Njiani kurudi nyumbani binti alimtazama mama yake, mweupe kwa unga kuanzia kope mpaka viatu.

"Wewe mama unajipangusa, unatoka," alisema. "Mimi je?"



*

Habari za utafiti zilitoka hospitali kuu, kliniki ya ngozi. Walikuwa wanatafuta vijana wa miaka kumi na miwili hadi kumi na saba, wa kujaribiwa dawa mpya ya kupaka. Binti ndiye aliyesoma tangazo ukutani, akalinakili nyuma ya daftari la jiografia.

Fundi rangi alikataa kabla ya kusikia mwisho. Mwanawe si panya wa maabara. Mama Mizani alisema twende tukasikie, kusikia hakuuzwi, na wakaenda wote watatu, baba akiwa amevaa shati lake la msiba kuonyesha kwamba hakufurahi.

Daktari alikuwa mama mfupi, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Hakuwaharakisha. Alieleza kwamba dawa ilishajaribiwa kwa watu wazima, ikaonekana salama na yenye nguvu, na sasa ni zamu ya vijana. Baba akauliza kwa nini watoto wasipewe tu hiyo ya wakubwa, nusu yake. Daktari akatabasamu kwa uchovu.

"Hivyo ndivyo tulivyofanya siku zote, baba. Tunakata dawa ya mkubwa, tunampa mtoto kwa kukisia. Mimi nimechoka kukisia."

Akaeleza na mengine. Tyubu zote zinafanana. Ndani ya nyingine mna dawa, ndani ya nyingine mna mafuta matupu. Nani anapata ipi, hajui yeye daktari, hajui nesi, inajua kompyuta iliyo mbali huko. Wiki kumi na sita ni za kulinganisha. Baada ya hapo kila mtoto atapewa dawa yenyewe, hata aliyekuwa wa mafuta matupu, kwa mwaka mmoja. Kisha utafiti unafika mwisho, na wanasubiri dawa iruhusiwe kuingia madukani. Sahihi ni mbili, ya mzazi na ya binti, na moja bila nyingine haifai kitu.

"Na wewe," akamgeukia binti, "siku yoyote ukisema basi, ni basi. Hata mama yako hawezi kukulazimisha."

Binti alisaini kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote. Hakuna aliyewahi kumwomba ruhusa ya mwili wake. Baba alisaini pia, kwa kalamu iliyokuwa ikimkatalia karatasi.

Nesi wa utafiti, kijana mpole mwenye mikono safi, akawaonyesha kipimo. Unakamua dawa kwenye kidole cha shahada, kutoka ncha mpaka kwenye kiungo cha kwanza: hiyo ni pingili moja. Kiwiko pingili moja, goti pingili moja, mgongo pingili sita, na kadhalika, vyote vimeandikwa. Tyubu zilizotumika zirudishwe, hata zikiwa tupu, kwa sababu zitapimwa uzito. Akaiweka tyubu moja kwenye mizani ndogo yenye kioo, na namba zikasimama bila kutetemeka. Mama Mizani alisogea karibu akaitazama ile mizani kwa heshima, kama mtu aliyekutana na mwenzake wa kazi.

Lakini katika maneno yote ya siku ile, neno lililomwingia na kukaa lilikuwa moja: mwisho. Alishaliona. Miaka miwili nyuma walipata dawa ya duka, ikamsafisha mtoto viwiko ndani ya wiki sita. Bei ikapanda, dawa ikaisha, na mabaka yakarudi na ndugu zao wote. Hakusahau uso wa mtoto wakati ule. Mtu aliyewahi kuona ghala likiisha hali tena kwa raha, hata meza ijae.

Basi jioni ya kwanza kabisa alichukua tyubu, akasema hii ni mali ya watu, ikipotea nitajibu mimi, kwa hiyo nitaishika mimi. Akaingia jikoni. Akakamua pingili zote kama zilivyoandikwa. Nusu akaiweka kwenye kisahani, akaenda kumpaka mtoto aliyekaa kwenye kigoda amempa mgongo. Nusu nyingine akaikwangulia kwenye kopo tupu la mafuta ya mgando, akalipandisha juu ya kabati nyuma ya sufuria kubwa ya wageni. Tyubu ikapungua uzito uleule unaotakiwa. Mizani ingeuliza nini tena? Mizani inajua kilichotoka, haijui kilikokwenda. Hilo mtu wa kazi yake alilijua kuliko nesi.

*

Ziara ya wiki ya nne, nesi alipima akasema sawasawa. Daktari alihesabu mabaka kwa karatasi yake yenye michoro ya mwili, mbele na nyuma, akasema kuna nafuu kidogo, si haba, bado mapema. Binti alirudi akiimba. Wiki ya tano alikuwa anajitazama kioo asubuhi na jioni. Wiki ya sita akaanza kuuliza maswali. Kuna msichana mwingine alikutana naye kliniki, walianza siku moja, na yule ngozi ya mikono ilikuwa inarudi laini.

"Labda mimi ni wa mafuta matupu," alisema.

Mama akamwambia subira ni dawa. Akasikia neno lake mwenyewe likimchoma. Jioni ile alimpaka kipimo kamili, na kesho yake pia. Siku ya tatu alipanda kwenye kigoda akachungulia kopo, akaona halijaongezeka, moyo ukamshuka, na mkono ukarudi kwenye nusu. Mkono uliozoea haukatazwi kwa siku moja. Na alikuwa na hoja zake, tusimdhulumu: dawa kali hata kidogo inatosha, na kinachochelewa si kinachokosa, na mwaka ukifika mwisho mtoto atamshukuru. Hoja za mtu anayejidanganya huwa zimenyooka kuliko za msema kweli.

Wiki ya saba binti aliacha kujitazama kioo. Akakiegemeza ukutani, uso wa kioo ndani.

Jumapili moja fundi rangi alirudi kutoka kukwangua ukuta wa shule, viganja vimepasuka kwa chokaa. Akatafuta mafuta. Ya kwenye meza yalikuwa yamekwisha, na mkewe alikuwa amekwenda bombani. Kwa kuwa alimjua mkewe, akapapasa sehemu zote ambazo mtu asiyetupa kitu angeficha kitu. Mama Mizani aliingia na ndoo, akamkuta amekaa chini, kopo katikati ya miguu, anajipaka viganja taratibu.

"Mafuta gani haya hayana harufu?" aliuliza.

Ndoo aliitua vibaya, maji yakamwagikia miguu. Fundi aliyatazama maji, akamtazama mkewe, akalitazama kopo. Akaacha kujipaka. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili, lakini alitaka kuambiwa mara moja, na mkewe akamwambia yote, tangu jioni ya kwanza, akiwa amesimama hapo hapo kwenye maji. Alisema aliogopa mwisho. Alisema hakutaka yarudi tena na ndugu zao.

Alitegemea matusi. Fundi alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Mimi niliogopa watamfanya mwanangu panya," alisema. "Kumbe panya yumo humu ndani, anakula akiba."

Kisha akafuta viganja kwenye suruali, polepole, kwa aibu ya kuwa ameipaka dawa ya mtoto kwenye mikono ya mzee. Akasema kliniki ni keshokutwa. Akamwuliza mkewe kama atasema mwenyewe, au amsemee. Mama Mizani akajibu kwamba mdomo anao.

Kuwa na mdomo na kuufungua ni vitu viwili.

*

Siku ya kliniki aliliweka kopo chini kabisa ya kapu, akalifunika kwa kitambaa, juu yake akaweka tyubu zilizotumika. Hata alipokuwa analiweka hakujua kama atalitoa. Akisema, wanaweza kumfukuza mtoto, na mtoto ndiye atakayekosa dawa kwa kosa la mtu mwingine. Asiposema, mtoto atabaki na nusu na moyo uliokatika. Njia nzima binti alitembea mbele yake, mikono ya sweta imevutwa mpaka kwenye vidole ingawa jua lilikuwa kali.

Nesi alipima tyubu moja baada ya nyingine. Akaandika. Akainua uso kwa furaha, akawageukia wazazi wengine waliokuwa kwenye foleni ya benchi.

"Mnaona mama huyu? Gramu kwa gramu. Ningepata kumi kama yeye, kazi yangu ingekuwa nyepesi."

Watu kwenye benchi wakamtazama kwa wivu mdogo. Mwanamke mmoja, mwenye mtoto wa kiume aliyejifunika kofia, akamwuliza kwa sauti ya chini siri yake ni nini, maana kwake dawa inamwagika, inasahaulika, mtoto anagoma. Mama Mizani alikuwa ameshavumilia maneno ya tajiri, na ndoo iliyovutwa kando, na majina ya darasani. Lakini hakuwahi kuona haya kama alivyoona kwa sifa ile. Alijibu kwamba hana siri yoyote.

Ndani, daktari alimpima binti kwa utulivu, kiwiko, goti, mgongo. Akahesabu. Akahesabu tena.

"Tulichokipata wiki ya nne kimesimama hapo hapo," alisema. "Nisikufiche."

Binti alishusha blauzi yake, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni.

"Mlisema nikisema basi, ni basi."

"Tulisema."

"Basi."

Daktari hakubishana. Alimwuliza kama ana hakika, akamwuliza kama kuna mtu aliyemshinikiza, kisha akavuta karatasi iliyopasa kujazwa. Kalamu ilipogusa karatasi, mama alinyanyuka.

"Daktari, subiri kabla hujaandika."

Akatoa kitambaa. Akatoa kopo, akaliweka mezani juu ya karatasi yenyewe, na picha ya mwanamke mwenye ngozi ya kung'aa iliyokuwa kwenye kopo ikawatazama wote.

"Hiyo ni nusu ya dawa ya mwanangu. Nusu ya kila siku. Mtoto hajui chochote, na wala asiadhibiwe yeye. Mkosaji ni mimi."

Nesi, aliyekuwa mlangoni, alilitazama kopo na usiseme kwamba hakuumia. Daktari alivua miwani ikamning'inia kifuani. Hakupaza sauti, na ingekuwa heri angepaza. Alieleza kwamba kama ndani ya kopo mna dawa, basi kwa wiki nane vitabu vyao vimeandika kwamba dawa ile, kwa kipimo kamili, imemshinda mtoto huyu, na ni uongo. Na wakipata wazazi wanne au watano wenye kopo, dawa nzuri itaonekana mbovu, na watoto wasiojulikana idadi watanyimwa dawa hiyo.

"Na kama ni mafuta matupu," alisema, "basi mama umeweka akiba ya mafuta ya mgando. Mimi sijui ni ipi kati ya hizo. Wewe hujui. Sasa ngoja niwapigie simu wenye utafiti. Mkakae nje."

*

Walikaa kwenye benchi saa nzima na zaidi. Yule mama mwenye mtoto wa kofia alikuwa ameshaondoka, na kwa hilo Mama Mizani alimshukuru Mungu. Nesi alipita akiwa amelibeba kopo kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, una namba juu yake. Kutoka chumba cha pili wakasikia mlio mdogo wa mizani.

Binti alikuwa anaitazama sakafu. Alipoanza kusema, alisema taratibu.

"Wiki zote hizi nilidhani ni mwili wangu. Nilidhani wenzangu miili yao inasikia, wangu tu ndio mkaidi. Nililala nikiuchukia, mama. Uliniona nimegeuza kioo ukanyamaza."

"Nilikuona."

"Kwa nini?"

Mama angeweza kusema habari ya dawa ya duka, na bei, na mwisho. Yote yalikuwa kweli. Akaona kwamba ukweli mwingine ni wa kujitetea, na huu haukuwa wakati wake.

"Niliogopa," alisema. "Nikakupa woga wangu ukaule wewe. Nisamehe, mwanangu."

Binti hakusema nimekusamehe. Watoto siku hizi si wa kusema jambo kabla halijafika, na ni vizuri. Alisogeza goti lake likagusana na la mama yake, likakaa hapo.

Mlango ulifunguka. Daktari alisema kosa limeandikwa kama lilivyo, na barua itakwenda kwenye kamati inayosimamia utafiti, na mama anaweza kuitwa ajieleze. Kopo linabaki. Lakini binti hajafukuzwa. Anaweza kuendelea wiki nane zilizobaki kwa kipimo kamili, kama yeye mwenyewe anataka. Karatasi ya kujitoa bado haina sahihi.

Wote wakamtazama binti, na mama peke yake akatazama kando, kwa sababu hakuwa tena na haki ya kutazama.

"Naendelea," alisema binti. Akanyoosha mkono kwa nesi, akapokea tyubu mpya yeye mwenyewe, akazitia kwenye mkoba wake wa shule. "Ila napaka mwenyewe."

"Na mgongo?" aliuliza daktari. "Mkono wako utafika?"

Binti alifikiri.

"Mgongo atanipaka mama. Nitampimia mimi."

*

Ndivyo ilivyokuwa. Kila jioni Mama Mizani, aliyewapimia watu wa mtaa mzima, alinyoosha kidole chake cha shahada, na binti yake akamkamulia: pingili moja, paka, nyingine, paka, mpaka sita. Kipimo kikipungua unywele mmoja, binti aliongeza. Baba alipita akiwa ameshika brashi zake akasema leo mizani imepata mkaguzi, na mkewe akanyoosha kidole tena. Tyubu ilipoisha, mama aliutazama mkasi. Binti alimtazama mama. Mkasi ukabaki mahali pake, tyubu ikarudi kliniki na kilichosalia ndani yake.

Barua ya kamati ilikuja, akaitwa, akaenda, akajieleza mbele ya watu watano waliovaa vizuri, akatoka jasho lakini akatoka mzima. Na kwa kuwa aibu yake alikuwa ameshaimaliza huko, kesho yake alikwenda kwa tajiri bila hata kujipangusa vumbi la kazi. Wakati huo mtoto hakuwa amepona chochote cha kuonyesha. Alimwambia tajiri kwamba kuanzia leo binti yake akitoka shule atakaa juu ya magunia afanye hesabu zake kama zamani, na mteja anayeogopa ugonjwa usioambukiza aende kwenye mashine zenye vidole gumba. Tajiri akajikuna shingo. Akaangalia foleni ya ndoo, zote zimekuja kwa ajili ya mizani ya mwanamke huyu.

"Nilisema nini mimi?" alijibu. "Akae."

Wiki ya kumi, ukingo wa nywele ulianza kuwa laini. Wiki ya kumi na mbili, magamba ya viwiko yakawa membamba, na rangi ikatulia. Daktari alihesabu, akahesabu tena, lakini safari hii akitabasamu, na alipoulizwa kama basi ni dawa yenyewe, alisema hajui na hatakisia. Nesi alipima tyubu akaandika, bila kumsifu mtu. Alipomrudishia Mama Mizani kapu lake alimpa mkono.

Asubuhi moja mama aliingia chumbani na kijifagio, binti akiwa anaoga. Akafagia shuka. Akaangalia kijifagio, akafagia tena kutoka kwenye mto mpaka miguuni. Akakaa kitandani akalia kidogo, kisha akakirudisha kijifagio jikoni, na tangu siku hiyo kikatumika kufagia jiko. Kioo kilikuwa kimegeuzwa tena, uso nje, hakujua ni lini.

Hatusemi amepona. Soriasisi si mgeni wa kuaga mara moja akaenda, na goti la kushoto lilibaki na baka lake, kubwa kama kifuniko cha soda, lisilosikia la mtu. Lakini wiki ya kumi na sita ilifika, na binti akasaini karatasi ya mwaka mmoja wa dawa yenyewe, na baba akasaini kwa kalamu iliyoandika mara ya kwanza.

Wiki ile ile, saa za jioni, foleni mashineni ilikuwa ndefu. Binti alikuwa juu ya magunia, daftari magotini, sweta la bluu iliyokoza mwilini. Msichana wa darasani kwao alikuwa ametumwa na ndoo, amesimama karibu naye, anamwuliza jibu la swali la nne. Mama Mizani aligeuka kutoka kwenye sinia, akaona. Begani pa binti, palipokuwa safi wiki nne nzima, palikuwa peupe.

Alimwacha mteja katikati ya kilo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaenda kwa haraka kiganja kikiwa kimeshanyanyuka, ampanguse kabla yule msichana mwingine hajaona. Binti alimwona anavyokuja, akaona macho yake yalipo. Akageuza shingo akajitazama bega. Akagusa pale peupe kwa ncha ya kidole, akakiinua kidole kwenye mwanga, kisha akakilamba.

"Mahindi, mama," alisema. "Rudi kwenye mizani, watu wanasubiri."

Akajipangusa bega mara moja, unga ukatoka, na akaendelea na swali la nne.